Saba Iliyokatika Mguu

Mpekuzi alianza kumshuku mwenye gari hata kabla hajampa mkono. Jina hilo alibandikwa na mama yake, maana binti huyo hata kitunguu hakinunui bila kukigeuza na kukinusa, na tangu baba yake alipomwachia gereji ndiyo kabisa limemganda.

Mnunuzi alikuwa mjomba wake, kaka wa mama. Tangu ujana alikuwa akiliota gari la spoti la aina hii, na sasa amestaafu, ameuza kiwanja chake ili alipate. Sharti lake lilikuwa moja tu: injini iwe ile ile liliyotoka nayo kiwandani. Kama si hiyo, alisema, heri abaki na picha yake ukutani. Baba naye alikuja. Jana yake alisema hana haja ya kwenda kutazama mabati ya watu. Asubuhi wakamkuta ameshakaa kiti cha nyuma cha gari lao.

Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, mzee nadhifu, na maneno hayamwishi. Gari lilikaa kwenye banda lenye sakafu inayong'aa kuliko meza za kulia za watu wengine. Mpekuzi akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Alipouliza, daktari akajibu kwamba aliliwasha kidogo mapema, lisije likamwaibisha mbele ya wageni. Aha, Mpekuzi akawaza, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Injini ikiwashwa mapema, ule moshi wa asubuhi unaofichua ubovu wake nani atauona?

Akafungua boneti, akasoma namba ya injini kwenye kibati cha gari, kisha akainama kutafuta ile iliyogongwa kwenye injini. Zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Mjomba akatabasamu sikio hadi sikio.

"Namba zimeoana," baba akasema kutoka mlangoni. "Tuondoke, mwanangu. Jua linachoma."

Lakini Mpekuzi hakuondoka. Alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua, akalaza tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma. Pale penye namba, mashine ya kiwandani huacha mistari myembamba iliyonyooka. Hapa hapakuwa na mistari. Palikuwa laini, na mikwaruzo ya tupa ikienda upande. Mtu alikuwa amefuta namba moja na kugonga nyingine. Huyu daktari, akawaza, kazi ya kung'oa na kupandikiza ameizoea.

Kisha akaisoma namba upya, polepole. Ile saba ilikuwa imekatika mguu.

Saba hiyo alikua nayo. Baba alikuwa na vyuma vyake vya kugongea namba, na cha saba kilimeguka ncha zamani, akakataa kukibadilisha kwa sababu, alisema, chombo hakitupwi kwa kovu. Kwa chuma hicho ndicho Mpekuzi alijifunzia kugonga, juu ya vipande vya bati. Na muda huu kilikuwa nje, kwenye sanduku la vifaa, ndani ya gari lao.

Alimtazama baba. Baba alikuwa akichunguza tairi kana kwamba hajawahi kuona tairi. Mpekuzi aliona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena.

"Mjomba," akasema, "injini hii si yake."

Daktari akaja juu. Yeye naye alilinunua hivyo hivyo, miaka mingi iliyopita, akaambiwa kila kitu ni orijino. Anayemwita tapeli nyumbani kwake alete ushahidi. Midomo ilikuwa ikimtetemeka, na Mpekuzi akajua kwamba mzee anasema kweli. Asubuhi nzima alikuwa amemsingizia mtu wa watu moyoni mwake.

"Una hakika, mwanangu," mjomba akauliza, "au ni upekuzi wako tu?"

Akinyamaza, mzee wa watu atabaki na doa lisilo lake. Akisema, anamvua nguo baba yake. Alitoka, akarudi na sanduku. Akatoa nyundo, kile chuma cha saba na kipande cha bati, akavipanga sakafuni. Akainua nyundo. Mkono ukagoma kushuka.

Baba akaja akapiga magoti kando yake. "Lete," alisema. "Anayeijua ni mimi."

Akagonga mara moja, akalishika bati karibu na injini. Saba isiyo na mguu hapa, saba isiyo na mguu pale. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Baba alisema, kichwa chini, kwamba mwenye gari wa kwanza aliua injini, akaleta nyingine, akambembeleza azioanishe namba. Alidhani gari lenyewe limeshaoza zamani. Kisha akamgeukia binti yake. "Nimekuja nikiomba usiione."

Mjomba alilitazama lile gari alilouzia kiwanja, kisha akamtazama mume wa dada yake.

"Shemeji," akauliza taratibu, "na magari mengine je?"

Mpekuzi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuogopa jibu la swali, alitamani baba yake asijibu. Baba aliweka nyundo chini, akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole.