Nywele Kwenye Mshono wa Kiti

Yunusu aliinunua pikipiki ile Mwanjelwa, akaiendesha mwenyewe kutoka Mbeya hadi Iringa huku baridi ikimkata magoti, na kwa miezi mitano hakuthubutu kuitoa nailoni ya kiti. Mtu akiomba lifti alitazamwa viatu kwanza. Alipopata kazi ya ghala huko Maskati, hakulilia mchumba, alililia pikipiki. Akamwachia Fred, waliyesoma naye dawati moja, aitumie kutafuta riziki, kwa sharti moja: kila mwezi ampeleke mama yake Yunusu, Bi Mwanahawa, kliniki ya presha.

Kwa miaka miwili Fred alituma picha. Pikipiki mbele ya kanisa, pikipiki stendi, pikipiki imevishwa maua ya Krismasi. Zote zilipigwa kwa mbele. Taa inang'aa, vioo vinang'aa, Fred anang'aa. Yunusu aliwaonyesha wenzake wa chumbani, wakasifu mpaka akajiona baba wa mtoto aliyefaulu. Hakujiuliza kwa nini mtoto hageuki.

Alirudi mtaani kwao Mlandege, Iringa, siku moja kabla ya kliniki ya mama. Asubuhi ya kliniki Fred akaileta pikipiki imeoshwa na kupuliziwa manukato kama bwana harusi. Akasimulia jinsi Bi Mwanahawa anavyompenda, hata sikukuu ya Idi alimpa sabuni, mche mzima, na Idi iliyofuata akampa mwingine.

Yunusu hakuwa akisikiliza. Chini ya yale manukato palikuwa na harufu nyingine, nzito, ya kitu kilichokufa kikasahauliwa kufukiwa. Akainama. Kwenye keria kulikuwa na kamba iliyokakamaa kwa mafuta. Kwenye mshono wa kiti, nywele: fupi, nyeupe, ngumu kama za brashi ya viatu.

Aliuliza ni za nini. Fred akasema mbuzi. Yunusu akasema amekua na mbuzi. Fred akaanza kueleza kwamba kuna mbuzi wa kisasa, na hapo ndipo Eveline, mwenye banda la kitimoto kule juu barabarani, alipopita na beseni lake.

"Fredi, nguruwe usimlaze tena kwenye kiti kama yule wa Ijumaa," alisema, wala hakusimama. "Alifika amechubuka."

Mate yalimjaa Yunusu mdomoni. Alikuwa amelaza shavu lake pale kwenye kiti, pikipiki ilipofika tu, kwa furaha ya kuonana nacho. Akaenda ukutani akatema, akatema tena, akajifuta shavu kwa mkono, kisha akautazama ule mkono asijue aupeleke wapi.

"Mwanangu, nilikuwa natandika kiroba," Fred alisema. "Na siku ya mama nilikuwa naifuta kabisa."

Siku ya mama. Mawazo ya Yunusu yalikuwa bado hayajafika huko. Mama yake, asiyekosa swala, amekaa pale mwezi baada ya mwezi, buibui lake limetandazwa juu ya jasho la nguruwe. Na leo ni kliniki, dawa zimebaki za siku moja, na hiki ndicho chombo chenyewe.

Bi Mwanahawa alitoka na kadi yake mkononi. Yunusu alidhani atamficha, lakini Fred, aliyekuwa na adabu kwa huyu mama tu duniani, akasema yote mwenyewe, macho chini.

"Kumbe," mama alisema. "Mimi nilidhani harufu ni yako, baba. Ndiyo maana nikakununulia sabuni."

Kisha akapanga kazi. Maji mara saba, mojawapo kwa udongo safi, kama dini inavyotaka kwa najisi ya nguruwe. Fred akachimba nyuma ya choo, mama akasema hapo siyo, akachimba penye mchicha. Akaipaka pikipiki tope mpaka taa ikapotea, akasuuza, akasuuza tena. Ya tano akasema ni ya saba. Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kadi, akasema tano.

Ilipotimia ya saba, Fred alinyoosha mkono wa kuagana. Yunusu akamwekea ile kamba kiganjani, kwa vidole viwili. Fred akaondoka nayo, na hakugeuka.

Mama alishapanda. Yunusu alikuwa bado amesimama, kitambaa puani, akasema ingefaa watafute gari.

"Dini imeshamaliza kazi yake," mama akasema. "Iliyobaki ni pua yako, na hiyo siwezi kukuoshea. Twende."

Yunusu akakalia kiti kibichi, maji yakapenya suruali, akajua fika kila tone lilikopita. Walipolipita banda la Eveline kikaango kilikuwa kinachemka, Yunusu akabana pumzi mpaka usukani ukayumba. Mama akamgonga bega.

"Pumua, baba. Utatuangusha."

Akapumua. Akatema mate pembeni. Akaongeza gia.