Mkate Aliong'ata Mohira

Mimi nina kijiba cha roho. Nakisema mwenyewe kabla majirani hawajakisema, maana mtaa wetu hapa Samarkand una midomo kuliko milango. Wivu nilionao kwa wifi yangu Sanobar haukuanza jana, na kama mnangoja niseme umekwisha, mtangoja sana.

Kazi yangu ni mkate. Tanuri langu la udongo liko uani, nimelirithi kwa mama mkwe, na kwa miaka ishirini na mbili sijapitisha asubuhi bila kuliwasha, isipokuwa nilipokuwa mzazi. Mkate wangu ni wa duara, mzito, unang'aa juu, na katikati una maua ninayoyapiga kwa muhuri wa misumari. Watu wanatoka ng'ambo ya mji kuufuata. Sasa niambie, mwanamke kama huyo Mungu anampa binti mmoja, na binti huyo ngano inamdhuru!

Mohira alikuwa na miaka tisa. Tumbo limevimba, miguu imebaki mifupa, kila saa yuko mbioni chooni. Mimi nikasema ni minyoo. Nikamzidishia mkate apate nguvu, asubuhi kwa malai, jioni kwa supu, na akikataa namgombeza mpaka amalize. Daktari ndiye aliyesema kwamba utumbo wa mtoto haupatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri, na kwamba asile hata chembe maisha yake yote.

"Hata chembe?" nikauliza.

"Hata vumbi lake, mama."

Nililia njia nzima. Nilikuwa nimemlisha maradhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Sanobar ni dada wa mume wangu, mjane, hakujaliwa mtoto. Alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua, mlango wake unatazamana na wangu. Siku ileile tuliyotoka kwa daktari alitoa unga wote jikoni kwake akaugawa. Akasugua rafu kwa maji ya moto, akatupa kibao cha kukatia, akanunua sufuria mpya. Mtaa mzima ukasema, loo, shangazi ndiye huyo! Na mimi je? Ningelizima tanuri tule nini? Unga uko kwenye nywele zangu, kwenye kope, kwenye mishono ya nguo. Nikimkumbatia mwanangu, anabaki na alama nyeupe begani.

Basi mtoto akahamia kwa shangazi kwa kula. Kwangu alilala tu.

Na Sanobar naye, mtu utadhani alikuwa anaingoja nafasi hiyo. Kwanza akafufua mkate wa mahindi wa bibi yao, ule wenye boga na kitunguu, anaouoka kwenye sufuria nzito. Halafu akaanza maandazi ya nyama ya mvuke, ganda lake la unga wa mchele na wanga wa viazi. La kwanza lilipasuka, la pili likapasuka, la kumi likasimama, na nilisikia wanapiga makofi kule ndani wote wawili. Mara keki ya lozi na yai. Mara uji wa choroko na mchele. Mara saladi ya tambi za wanga zinazong'aa, yenye pilipili na siki, ambayo Mohira angeweza kula bakuli tatu. Dukani alikuwa akisimama mbele ya rafu na miwani puani, anasoma maandishi ya kila pakiti kama hakimu anasoma kesi, mpaka muuzaji anamuuliza, "Mama, unanunua au unakagua?" Hata soseji alizigundua zina ngano. Hata mchuzi wa soya!

Hata pilau, chakula pekee cha nyumbani kwangu kisicho na ngano, kinapikwa na baba yake Mohira, Erkin, Alhamisi kwa Alhamisi, uani, na yeye hamruhusu mwanamke kushika mwiko. Sikubakiwa na kitu. Nilikuwa nakaa mlangoni kwangu nasikia kicheko cha mwanangu kinatoka kwenye nyumba ya mwingine, na roho inaniuma, inaniuma kweli, halafu wanakuja wateja wananiambia, "Mikono yako ina baraka." Baraka gani?

Miaka ikapita hivyo. Mohira akanawiri, akanenepa mashavu, akafaulu, na mwaka jana akapata nafasi ya kusomea ufamasia Tashkent. Treni ni saa chache tu, lakini kwenda kukaa ni kwenda kukaa.

Kwetu mtu anayekwenda mbali hang'oi mguu mpaka ang'ate mkate. Anang'ata mara moja tu, na mkate wenyewe unatundikwa ukutani, unamngoja. Akirudi ndiye anayeumaliza. Erkin alipokwenda Urusi kujenga majumba, aling'ata mkate wangu, nao ukakaa ukutani miaka miwili. Nilikuwa naupangusa vumbi kila Ijumaa. Akarudi mzima. Kwa hiyo mkate huo ni haki ya nani? Ni haki ya mama mwenye nyumba. Wala halikuwa jambo la kujadiliwa.

Mpaka Zulfizar wa nyumba ya pili alipokuja kununua mkate, wiki ya safari, akaweka kikapu chini.

"Mama Mohira, hivi mtoto atang'ata mkate wa nani? Wako si haugusi?"

"Mkate wa nyumba hii ni mmoja," nikamwambia. "Wangu."

"Aa. Mimi nilidhani wa Sanobar." Akacheka puani. "Maana ndiye anayemlisha."

Moto ukaniwaka kuanzia kisigino. Nilimpa mkate ulioungua upande na sikumwomba radhi.

Siku hiyohiyo nikaenda sokoni nikanunua unga wa mahindi. Kumuuliza Sanobar anaupikaje? Bora nife. Alhamisi asubuhi, nilipomaliza mikate ya wateja, nikakanda wa mwanangu. Sasa unga wa mahindi hauna mvuto, hauna subira. Nikaubandika kwenye ukuta wa tanuri, ukateleza ukaanguka kwenye makaa. Wa pili, hivyohivyo. Wa tatu ukanigandia kibaoni ukachanika. Nikasimama pale, jasho linanitoka, na kupitia mlango wa wifi yangu namsikia anaimba.

Nikachukua unga wangu mweupe, nikanyunyiza kibaoni kidogo. Nitasema kweli: mkono haukwenda wenyewe. Nilijua ni ngano. Nikajiambia, huu si wa kula, ni wa kuzuia usigande tu, na moto utauteketeza, na daktari naye alikuwa anatutisha. Mtu akitaka jambo lake, hakosi la kujiambia. Ukatoka mkate, wa manjano, mzuri, na maua yangu katikati.

Nilimwita Mohira ndani nikafunga mlango. Akauangalia mkate, akaniangalia mimi.

"Mama, umeuoka wapi?"

"Tanurini kwangu, kwingine wapi? Ni mahindi matupu. Onja kwanza, Jumamosi nitakuokea mwingine wa kung'ata."

Mtoto huyu ambaye hata kikombe hakigusi bila kuuliza kimeoshwa na nini, aliketi, akamega, akala. Akamega tena. Alikula karibu nusu.

"Mtamu, mama," akasema. "Mtamu sana."

Jamani, nilitoka uani nikitembea kwa madaha. Nikamwagilia maua ambayo nilikwisha kuyamwagilia, ili tu Sanobar anione uso.

Alasiri Mohira alianza kutapika. Ilipofika magharibi alikuwa amejikunja kitandani anashika tumbo, rangi imemtoka. Sanobar aliingia mbio na beseni na taulo, akamshika paji la uso.

"Umekula nini?" akauliza. "Mohira! Umekula nini, na wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Mohira hakunitazama kabisa.

"Sokoni, shangazi. Nilinunua kitu sokoni."

"Sokoni! Miaka tisa nakufundisha! Na keshokutwa unakwenda peke yako! Nikuache vipi, eh? Nikuache vipi?"

Alimgombeza mpaka sauti ikamkauka, na mwanangu akakubali kila neno, na mimi, mama yake, nikakaa kimya. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini kusema mbele ya Sanobar, na beseni lenyewe kalishika yeye?

Ijumaa alishinda na maji ya wali tu. Jumamosi akainuka, dhaifu, macho yameingia ndani, akasema ataenda. Ua ulijaa watu wa kumuaga. Nilikuwa nimeoka tangu alfajiri kwa ajili yao, maana wageni hawali mahindi. Sanobar alikuwa amefunga chakula cha njiani: mayai ya kuchemsha, viazi, vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi, zabibu, na mikate midogo kumi na mbili ya mahindi iliyofungwa mmojammoja. Juu yake karatasi ya maduka ya Tashkent yanayouza biskuti za mtama mweusi, na migahawa ambayo mpishi ukimuuliza swali hakukunjii uso. Aliyapata wapi? Alipiga simu, duka moja baada ya jingine, wiki nzima. Mimi nilikuwa wapi wiki hiyo? Nilikuwa nanuna.

Kisha akatoka na mkate wa kung'ata, umefunikwa kitambaa cheupe. Watu wakapisha njia. Nikamwona Zulfizar ananyoosha shingo. Sanobar akaja moja kwa moja mbele yangu.

"Shika wewe, wifi," akasema. "Wewe ndiye mama."

Alikuwa ananipa. Kile nilichokuwa tayari kukipigania, ananipa mbele ya mtaa mzima. Nikanyoosha mikono, nikaiona. Unga kwenye kucha, unga kwenye mikunjo ya vidole, unga mpaka kiwikoni.

Nikairudisha nyuma.

"Shika wewe," nikasema. "Mikono yangu ina ngano." Halafu likatoka lote, kwa sauti ambayo sikuipanga. "Na Alhamisi hakula sokoni. Alikula mkate wangu. Mimi ndiye niliyemuumiza."

"Mama, acha," Mohira akasema.

Sanobar hakushtuka hata kidogo. Aliinama sikioni kwangu.

"Najua. Nilikiona kipande chini ya mto wake. Maua yako yalikuwa juu yake."

Alijua! Alijua siku mbili nzima, akanifichia aibu yangu, akaniletea na mkate nimpe mwanangu. Hata kwa hilo akanishinda. Mtu mwingine angemshukuru. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye kwanza halafu mimi.

Mohira aling'ata mkate ukiwa mikononi mwa shangazi yake. Akanikumbatia, na mimi nikaweka mikono mgongoni kwangu nisimguse.

Na mkate ukatundikwa wapi? Kwangu hauwezi, unga unaruka. Ukatundikwa jikoni kwa Sanobar, juu ya meza, kwenye msumari. Mwanangu yuko Tashkent, na kinachomngoja kiko nyumba ya mwingine. Kwenye simu anazungumza na mimi dakika tano, hujambo mama, baba hajambo, halafu anapiga kwa shangazi yake, nasikia kule: "Kweli? Duka lile la kona? Na mikate yake haimong'onyoki?" Vicheko. Nikianza kupangusa madirisha upande ule, ni kwa sababu yana vumbi.

Lakini kila Ijumaa nilioga, nikavaa gauni ambalo halijaingia kwenye unga, nikavuka ua. Mkate ule nikaupangusa mimi. Sanobar mara ya kwanza alitaka kusema kitu, akaniona uso, akaweka birika motoni.

Likizo ya majira ya baridi ilipofika, Mohira akasema atakuja Jumanne, treni ya mchana. Nililizima tanuri tangu Jumamosi. Wateja walifika, wakaondoka wananung'unika, na Zulfizar akauliza kama kuna msiba. Nilifua kila kitu. Nilikata kucha mpaka zikauma. Jumanne, chai ya asubuhi haijanywewa, niko jikoni kwa Sanobar, nimeketi chini ya ule msumari.

"Wifi," akasema, "treni inafika saa nane."

"Kwani nimekuzuia kufanya kazi zako?"

"Hujanizuia."

"Basi."

Kisha akavuta kigoda, akakiweka ukutani. "Ushushe mwenyewe. Mimi bega linaniuma."

Bega lake halikuwa na kitu, asubuhi hiyohiyo nilimwona anabeba ndoo mbili. Nikapanda, nikaushusha. Ulikuwa mkavu, mwepesi, na ile nafasi ya meno ya mwanangu bado imekaa vilevile pembeni. Nikaketi nao mapajani kutwa, sikuuweka mezani hata nilipopewa chai.

Saa nane na nusu lango likalia. Nikasikia begi linaburutwa uani, nikasikia miguu yake. Haikuja mlangoni kwangu. Ilivuka ua moja kwa moja, kama nilivyojua.

"Shangazi!" akaita kutoka nje.

Nikaitika mimi.