Aliyezikwa kwa Jina la Sentot

Mdogo wangu Sentot hakufundishwa sanaa na mtu yeyote. Alianza na makaa ya jiko letu la tofu, ile jibini ya soya, akichora nyuso kwenye mbao za kugandishia, na baba akamchapa kwa sababu wateja sokoni Klaten walianza kununua tofu zenye masharubu. Alipokua kidogo akajipatia kamera kuukuu kwa fundi saa. Kifuniko chake cha nyuma hakikufunga vizuri, akakikaza kwa mpira wa baiskeli. Filamu alizisafishia chooni kwetu, maana ndicho chumba pekee chenye giza, na mwenye haja alibisha hodi akangoja. Gitaa dogo la kroncong, muziki wa kwetu wa nyuzi, alijifunza kwa kuegemeza sikio ukutani, ng'ambo ya redio ya jirani.

Mama alikuwa amefariki zamani, mimi ndiye niliyemlea. Nami nasema kweli: sikuwahi kumwona mtu aliyejaa vitu kama yule kijana. Arusi ikiwepo, angempiga picha bibi harusi asubuhi, jioni akampigia muziki, na kesho yake akampelekea mchoro wa uso wake bila hata kuagizwa.

Baba hakuvumilia. Watu walimwita Pak Wiryo, mtu wa maneno machache, lakini kwa jambo hili alikuwa nayo tele.

"Mchoraji! Mpiga picha! Mpiga gitaa!" alisema siku ile. "Kazi tatu, na hakuna hata moja inayonyanyua gunia la soya."

"Gunia nitanyanyua, baba. Acha nimalize wimbo."

Baba akainuka, akalitwaa lile gitaa, akalisukuma motoni chini ya sufuria la soya. Nyuzi zilikatika moja moja, zikalia. Sentot alivaa jaketi lake la jinzi lililojaa madoa ya rangi, akachukua kamera, akatoka.

Njiani alikutana na rafiki yake Karyadi, tuliyemwita Yadi, mpiga selo, lile zeze kubwa, katika kikundi chao cha muziki. Yadi alikuwa anakwenda juu milimani Dieng kumsaidia mjomba wake kuvuna viazi.

"Twende wote, upoe," Yadi alimwambia. "Huko juu hata hasira huganda."

Yadi alikuja kuniaga mimi na mkewe, Paryanti, aliyekuwa na mtoto wao mgongoni. Alisema yeye atabaki kwa mjomba hadi viazi viishe, ila Sentot atamrudisha kwa basi baada ya siku chache, akishatulia. Ndivyo tulivyojua. Ndivyo tulivyoendelea kujua.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Zikaja habari kwamba mlima umeporomoka kwenye kona, ukalifukia basi lililokuwa likishuka. Baba alipanda gari la mwenyekiti wa kijiji, akaenda hospitali walikolazwa maiti. Huko alimkuta mhudumu aliyemshika mkono na kumwambia, "Mzee, uso haufai kutazamwa. Tazama hili." Akamwonyesha jaketi la jinzi. Chini ya tope, madoa ya rangi yalikuwa palepale: nyekundu begani, kijani kwenye kiwiko. Mfuko wa ndani ulikuwa na kitambulisho.

"Ni la mwanangu," baba alisema.

Tukazika. Sitaeleza mazishi. Nakumbuka tu kwamba baba aliingia kaburini mwenyewe kumpokea, na alipotolewa, magoti yake yalikuwa na udongo ambao hakuukung'uta siku nzima.

Asubuhi ya pili nilitafuta picha ya kuweka sebuleni. Nikafungua masanduku ya Sentot. Nilikuta picha za maharusi, watoto wanaotahiriwa, wauza bata, mimi nikikaanga tempe ya soya, baba akiwa amekunja uso. Yeye mwenyewe hakuwemo hata katika moja. Aliyeshika kamera siku zote alikuwa yeye. Kile kitambulisho nacho kilikuwa kimelowa, uso umegeuka ukungu.

"Hatuna hata picha yake, baba," nilisema, nikaanza kulia upya.

Baba alinitazama. Akaenda jikoni, akarudi na vipande vya makaa, akaichana kalenda ya ukutani na kuilaza mezani upande wa nyuma.

"Baba, unafanya nini?"

"Sogea. Unaniziba mwanga."

Akaanza kuchora. Nilidhani uchungu umemchanganya akili. Kisha nikaona paji la uso likitokea, na nyusi, na lile jicho la kushoto la Sentot lililokuwa dogo kuliko la kulia. Mkono wa baba haukusita. Alipaka kivuli chini ya kidevu kwa kidole gumba, kama mtu apakaye dawa mtoto. Nilisimama pale mdomo wazi. Mtu niliyeishi naye tangu kuzaliwa, niliyemjua hata anavyokohoa, alikuwa anafanya kitu nisichokijua kabisa.

Nilimuuliza alijifunzia wapi. Aliubandika mchoro ukutani, akaenda kuloweka soya.

Siku ya saba wanawake walikusanyika kwetu mchana kupika chakula cha kumwombea Sentot. Bu Tumi jirani alikuwa kwenye mafuta, mimi nakanda unga wa mchele wa maandazi ya apem, na Paryanti amekaa sakafuni anakuna nazi. Alikuwa nami tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi alikwenda makaburini kwa niaba yangu, kwa kuwa miguu yangu ilikataa, akamwagia kaburi maua na maji.

"Namwonea huruma Yadi," alisema. "Barabara imefungwa, hajui lolote. Akishuka atalia kama mtoto."

"Usimwambie ghafla," Bu Tumi alishauri. "Mlishe kwanza."

Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka kisimani.

"Dada Wening! Mnapika hivyo, nani anaolewa?"

Sentot alikuwa amesimama uani, ndevu zimeota, kamera shingoni, blanketi la watu wa milimani begani. Bu Tumi alipiga ukelele, akakimbia na mwiko wake hadi ndani ya banda la kuku. Nilitaka kusoma dua nikajikuta nahesabu tu vidole vyake, kama vipo vyote.

Paryanti ndiye aliyekuwa na ujasiri. Alimwendea, akamshika shavu.

"Ana joto!" alipiga kelele. "Wening, ni mtu! Ni yeye mwenyewe, ana joto!"

Ndipo nikamrukia. Nilimpiga, nikambusu, nikampiga tena. Paryanti alikuwa anacheka na kulia pamoja, akizunguka uani kama kuku.

"Mna nini nyinyi?" Sentot aliuliza. "Nimeondoka mara moja tu, nimeshakuwa mfalme?"

"Tumekuzika, mpumbavu wewe!" nikasema. "Tumekuzika! Hiki ni chakula chako cha siku ya saba!"

Alicheka. Akatutazama, akaacha kucheka.

"Nilivuka mlima kwa miguu kwenda upande wa pili, kuchora," alisema polepole. "Nimerudi kwa njia ya kaskazini. Kuna nini?"

Paryanti alikuwa bado anatabasamu alipomuuliza, "Na Yadi? Umemwacha kwa mjomba?"

"Yadi?" Sentot alimshangaa. "Si alikuja na basi? Tulipofika kituoni alisema ameota mtoto wake anakohoa, moyo wake hautulii. Mimi sikutaka kuonana na baba. Nikampa nafasi yangu. Kulikuwa na baridi, nikamvisha na…"

Hakumaliza. Tayari alikuwa anatazama nyuso zetu.

Paryanti alinitazama mimi, akamtazama Bu Tumi aliyekuwa ametoka bandani na manyoya kichwani, akamtazama tena Sentot. Kisha akarudi mahali pake, akaketi, akaokota kipande cha nazi, akaendelea kukuna. Alikuna kwa kasi. Nazi iliisha na mkono haukusimama. Nilipoona weupe wa nazi unageuka mwekundu ndipo nilipomdaka kifundo.

"Maua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nimemmwagia maua kila asubuhi. Nikimwita shemeji."

Kisha akapiga yowe, na sijasikia yowe lingine kama lile.

Sentot alirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akaingia ndani ya nyumba kama anayetafuta pa kujificha. Nilimfuata. Nikamkuta amesimama sebuleni mbele ya uso wake mwenyewe.

"Nani kachora?"

"Mimi," baba alijibu mlangoni.

Alikuwa ametoka kuazima mikeka msikitini, na bado alikuwa ameishika. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Mikeka ilimponyoka. Akaketi chini kwenye kizingiti. Sentot alimwendea akapiga magoti, na baba akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa paji, nyusi, kidevu, kwa mpangilio uleule aliofuata alipochora.

"Jicho nilikosea," baba alisema. "Ni dogo zaidi."

Halafu akasikia kilio cha Paryanti, akauliza kinachomliza. Nikamweleza. Baba alijifunika uso kwa kofia yake. "Mimi ndiye niliyesema ni wa kwangu," alirudia. "Mimi ndiye niliyesema."

Jioni waombaji walifika kumwombea marehemu, wakapokelewa na marehemu. Wawili walikimbia. Mzee Giman, aliyesaidia kuosha maiti, aliulizwa kama aliona alama yoyote. Akasema mguu wa kushoto ulikuwa na kovu pana la kuungua, naye alidhani limetokana na ajali. Paryanti aliinamisha kichwa. Yadi aliunguzwa na bomba la pikipiki akiwa bado mchumba wake. Dua ikasomwa usiku ule kwa jina jingine. Kibao cha kaburi kikang'olewa, kikaandikwa upya.

Baba alizungumza siku kadhaa baadaye, tukiwa tunakamua soya. Ujanani alikuwa mpaka rangi wa mapazia ya ketoprak, ile michezo ya jukwaani: majumba ya wafalme, misitu, mawingu. Alijifunza mwenyewe. Ukaja mwaka ambao watu wa vikundi vya sanaa walifuatwa majumbani mmoja mmoja, wengine hawakurudi. Akachoma brashi zake na kujifunza tofu.

"Nilipoona mkono wako unashika makaa vile," alimwambia Sentot, "sikuona mchoro. Niliona gari limesimama mlangoni."

"Ungeniambia, baba."

"Ningekwambia, ungeniomba nikufundishe."

Sentot hakuwa mtu wa kucheka tena. Hakuimba, hakuchora, na muziki ukipigwa kwa jirani alitoka. Alisafisha filamu moja tu, ile ya safari. Ndani yake kulikuwa na Yadi mlangoni mwa basi, amevaa jaketi la rangi, anacheka na kutoa ulimi. Akampelekea Paryanti picha hiyo, nami nilikwenda naye kwa sababu aliogopa.

Paryanti aliitazama mara moja, akaifunika kwa kiganja.

"Ichukue," alisema. "Nikiendelea kuliona hilo jaketi nitakuchukia, Sentot. Na sitaki kukuchukia. Yeye alikupenda sana."

"Nifanye nini, Yu Par?" alimuuliza, akimwita dada kama zamani.

"Sijui. Si wewe ndiye mwenye akili nyingi?"

Sentot alirudi nyumbani akachukua makaa. Mistari ilikwenda kombo. Baba alimtazama, akavuta kigoda na kuketi kando yake. Waliifanya kazi ile wawili: Sentot alichora uso, baba akachora mikono juu ya nyuzi za selo. Yadi kwenye mchoro amevaa shati lake jeupe la muziki. Paryanti aliupokea, akatufungia mlango. Kesho yake nilipopita niliuona umetundikwa ukutani.

Kikundi kilikaa kimya mpaka arusi ya binti wa mwenyekiti. Baba alikuwa amemnunulia Sentot gitaa jingine. Walipiga bila selo. Wimbo ulipofika mahali ambapo Yadi alizoea kuingia, hakuna aliyejaza, na watu wote walisikia lile shimo. Paryanti, aliyekuwa kwenye meza ya chai, aliweka birika akaondoka. Sentot alimaliza wimbo machozi yakimtiririka, hata bibi harusi akalia.

Asubuhi yake Paryanti alikuja kwetu na mkokoteni. Juu yake selo ilikuwa imelazwa, imezungushiwa kitenge.

"Ipige," alimwambia Sentot. "Kwangu inaliwa na mchwa."

"Sijui selo, Yu Par."

"Kwani lini ulijua kitu kabla hujakianza?"

Tulivumilia miezi ya kelele. Baba aliziba masikio kwa pamba akiwa kazini, lakini hakusema acha. Paryanti naye, akipita kuelekea sokoni, alizoea kusimama nje ya ua wetu akasikiliza kidogo. Siku moja alipaza sauti toka barabarani: "Umechelewa kuingia! Yadi angekucheka!"

Sentot akaanza upya.