Kidole cha Wifi

Kwa wiki mbili nilicheza kamari kila asubuhi, mimi mjane ninayekataa hata tiketi ya bahati nasibu ya kuchangia shule, na sikujua.

Yote yalitokana na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunakaa nyumba moja, ukuta kwa ukuta: mimi nashona sare za shule, yeye anaoka mikate. Siku moja mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni, akaniita. "Wifi, nibonyezee hapo kwenye simu." Nikabonyeza nikidhani kuna mtu anapiga. Kumbe ni gurudumu la bahati la mtandaoni. Likazunguka, likampa pesa.

Tangu hapo akaamini kidole gumba changu kina nyota. Akanijia na maneno ya sukari.

"Hebu nikiweke kidole chako kwenye simu yangu. Hatujui kesho. Nikianguka, nani ataifungua awaite watu?"

Nikaona leo kaongea la busara, nikamtolea kidole. Kumbe alikiandikisha kwenye akaunti ya mchezo, na mchezo ule unakubali kidole kimoja tu, kuweka pesa na kutoa. Chake alikifuta.

Basi kila nikimaliza sala ya asubuhi, huyo mlangoni na mkate wa moto. "Wifi, simu imegoma tena." Nabonyeza, napewa mkate. Nikamshukuru Mungu kwa wifi mwema.

Mpaka Jumanne. Nilikuwa nimevaa miwani natunga uzi kwenye sindano, akaingia, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile simu sawasawa. Gurudumu la rangi saba.

"Nini hiki?"

"Mchezo tu."

"Mchezo una pesa ndani?"

Akaangalia dari. Mtu mzima akiangalia dari, jua jibu liko sakafuni.

Ilikuwa pesa ya oveni. Alidunduliza miaka miwili akiokea kwenye jiko la mkaa, moshi ukimla macho. Fundi wa kuchomelea alikwishamtengenezea oveni, anamshikia hadi Jumamosi. Ikipita, anamuuzia mwenye mgahawa. Na wifi aliitia pesa yote kwenye mchezo. Ilishuka, ikapanda, na siku hiyo ilikuwa imerudi palepale ilipoanzia.

"Mungu amekurudishia. Toa."

"Mara moja tu, wifi. Ikizaa, napata na friji."

"Kidole changu ni cha kutoa. Cha kuweka katafute kwingine."

"Unanibania bahati?"

"Ningekuwa na bahati ningepata wifi mwingine."

Akacheka asitake kucheka, akaondoka. Mkate akaondoka nao.

Jumatano sindano ya cherehani ikanipitia kidole kilekile. Nikabandika plasta. Wifi alipoiona akashika kiuno.

"Umefanya makusudi."

"Nijitoboe kwa ajili yako? Wewe nani?"

Nikabandua tukajaribu kuifungua tu akaunti. Simu ikasema haikitambui kidole. Akakipuliza, akakipaka mafuta, akakisemesha kama mtoto mgonjwa. Wapi.

Alhamisi fundi akampigia: mwenye mgahawa kaja na pesa mkononi, kaipima oveni kwa kamba. Wifi akaniletea maji ya chumvi ya vuguvugu, na mkate ukarudi.

"Hivi simu isipokitambua tena?"

"Pesa yako itazeeka humo."

"Tujaribu sasa."

"Kiache kipone kwanza," nikasema, nikaendelea na kola zangu.

Ijumaa asubuhi hakutaja nyota. Alikaa kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, macho mekundu.

"Wifi, toa. Yote. Silali."

"Na friji?"

"Friji ibaki dukani kwa wenyewe."

Nikabandua plasta. Nikavaa miwani nikasoma herufi moja moja, maana namjua: T, O, A. Nikabonyeza. Ikakataa. Nikakifuta kidole kwenye gauni, nikabonyeza. Ikakataa. Wifi akaanza kuomba kwa sauti, mtu ambaye siku nyingine namwamsha kwa sala kwa kugonga ukuta. Mara ya tatu nikalitaja jina la Mungu, nikabonyeza taratibu. Kisha ujumbe ukalia: pesa imeingia. Akaufuta mchezo mbele ya macho yangu.

Jumamosi wanaume wanne waliibeba oveni, wakang'oa na bawaba ya mlango wetu. Mkate wa kwanza aliniletea mimi.

"Nilisema, kidole hiki kina nyota."

"Kina kovu," nikamjibu.

Ile kamari ya wiki mbili nimeitubia. Dhambi iliyobaki ni ya plasta. Kidonda kilikuwa kimefunga tangu Alhamisi alfajiri, nami nikabandika plasta mpya juu yake, nikashona nayo siku nzima. Hilo bado tunalizungumza, mimi na Mola wangu.