Mbuzi wa Faini

Nasibu alicheza sehemu ya mkaidi vizuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza.

Madam Serafina, mwalimu wa Uraia, alikuwa ameandaa mkutano mkuu wa kijiji wa kuigiza, kidato cha pili kizima kikiwa ndicho kijiji, ili mgeni kutoka wilayani ajionee jinsi vijana wa Kishapu wanavyoelewa mambo ya serikali za mitaa. Mbuke akapewa uenyekiti. Baba yake ni mwenyekiti wa kitongoji kweli, na binti amerithi kikohozi chake cha kunyamazisha watu. Ndaki akawa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi. Nasibu akapewa Mzee Masele, mwananchi asiyeenda kuchimba lambo la ng'ombe wala kuzika wenzake.

Nasibu alikuwa mgeni pale shuleni. Baba yake ni mchimbaji, na wachimbaji wa aina yake huishi kwa tetesi: ikisikika dhahabu imetoka pori fulani huko Geita, familia inafunga magodoro. Mtoto alishahama shule mpaka sare zake zikawa hazijuani, shati la huku na suruali ya kule. Hapa Kishapu, akilala bwenini, ndipo kwa mara ya kwanza alipata rafiki. Rafiki mwenyewe ni huyo Ndaki, mwenzake wa dawati, mtoto wa wafugaji, anayeweza kukueleza ukoo wa ng'ombe kuliko ukoo wake. Nasibu alikuwa akiomba kimoyomoyo dhahabu isionekane tena popote, angalau mpaka amalize shule.

Siku ikafika. Mbuke alimsomea Mzee Masele makosa yake, akamuuliza kama atatoa mbuzi wa faini. Jibu alilofundishwa na Madam lilikuwa, "Nimekosa, nitatoa." Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, na Nasibu hakuwahi kuchekewa hivyo, kicheko cha kumpenda. Akaegemea mkongojo wake.

"Mbuzi sina," akasema. "Na nikimpata namla mwenyewe, mchuzi namwaga!"

Darasa likapasuka. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Ulimi ulikuwa umeshakiponza kichwa, ila kichwa chenyewe kilikuwa bado kinatabasamu.

Mbuke hakucheka. Alikohoa, akataka wanaokubali Masele atengwe wanyooshe mikono. Mikono ikanyooshwa yote, hata wa Ndaki. Wengi wape. Madam akapiga makofi, mgeni akapewa soda, kengele ikalia.

Mtu wa mbali atadhani mambo yaliishia hapo. Mtu wa mbali haijui Usukuma. Huku mtu asiyezika wenzake hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala chumvi, na atakayemsemesha hutengwa pamoja naye, mpaka alete mbuzi watu wale, yaishe. Watoto wale waliyaona hayo tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Kwao, mkono ukishanyooshwa umenyooshwa, uwe umenyooshwa kijijini au kwenye igizo. Madam Serafina anatoka Moshi. Yeye alidhani ni ubunifu.

"Ndaki, umemwona mgeni alivyolia kwa kucheka?" Nasibu aliuliza jioni, bado ana furaha yake.

Ndaki aligeuka akawa anatazama msumari uliopigwa ukutani, kwa makini ya mtu anayetaka kuununua.

Kwenye foleni ya chakula wenzake walimpita kama wanavyolipita jiwe. Mama Klara, mpishi, ambaye habari zilimfikia kabla maharage hayajaiva, alipakua ugali, akauweka pembeni, akauambia ukuta, "Kuna chakula hapo, kama kuna mtu."

"Aliyetengwa ni Masele!" Nasibu alipiga kelele bwenini. "Mimi ni Nasibu!"

Luka, wa kitanda cha juu, akamwambia jirani yake kwamba upepo wa leo una kelele sana. Akafunga dirisha.

Asubuhi Madam aliingia darasani amekasirika, maana Nasibu alikuwa amemwendea na macho mekundu.

"Shikamoo Madam," kijiji kikasimama.

"Marahaba. Huu upuuzi uishe sasa hivi. Msalimieni mwenzenu."

Mbuke alibaki amesimama. "Samahani Madam. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba azimio la mkutano mkuu wa kijiji halitenguliwi na mtu mmoja, hata awe mkubwa namna gani."

"Basi itisheni mkutano mwingine."

"Mkutano wa kawaida ni kila baada ya miezi mitatu, Madam. Tumeandika kwenye mtihani, ukatupa vema."

"Wa dharura!"

Mbuke akafikiri kwa haki kabisa. "Dharura ni njaa, moto au fisi. Sijui hili tuliweke wapi."

Madam alikuwa amefundisha vizuri mno, na hakuna kosa baya kama hilo, maana halina pa kuombewa radhi. Nasibu akaona hana mtetezi. Aliumia, tusifichane. Njaa alishaizoea na kuhamahama alishakuzoea, lakini kukaa dawati moja na Ndaki, viwiko vikigusana, na Ndaki asimwone, hilo hakulizoea.

Ndipo akapata wazo. Kama kosa lilikuwa la kuigiza, na faini si iwe ya kuigiza? Akafungua kamba ya kuanikia nguo, akaenda nayo uwanjani wakati wa mapumziko, anaivuta, na mwisho wa kamba hapakuwa na kitu.

Nilidhani wangemcheka, na wewe pia ungedhani hivyo. Wazee wa kijiji cha kidato cha pili walikusanyika, nyuso zimekazwa, wakamzunguka mbuzi. Walimwona vizuri mbuzi ambaye hayupo, ila mtu aliyemleta hawakumwona kabisa.

"Kuna mbuzi amekuja mwenyewe," Mbuke akatangaza. "Kamanda, mkague."

Ndaki akachuchumaa, akaitazama kamba. "Kamba iko juu mno. Huyu ni mbuzi au ngamia?"

Nasibu akaishusha haraka. Ndaki akaupanua mdomo wa hewa, akahesabu meno, akapapasa mgongo, akatikisa kichwa. "Yaya, hapana. Mifupa mitupu. Huyu tukimla tutaonekana tuna dhiki." Kisha akamsogelea mbuzi sikioni. "Sikiliza, bwana mkubwa. Mwambie anayekuleta kwamba mbuzi havutwi, huswagwa kwa nyuma. Na akulishe majani ya mwiba, siyo haya ya uwanjani."

Mbuke akakohoa. "Kamanda, unaongea na mbuzi au na mtu?"

"Na mbuzi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Haya, endelea."

Basi Nasibu akawa mchungaji. Kila jioni alimswaga mbuzi wake nyuma ya madarasa, kamba chini, fimbo mkononi, akimtafutia vichaka. Kwa kuwa hakuna mtu wa kuongea naye, akaongea na mbuzi. Alimpa jina, Karasha, kwa sababu alitafuna kila kitu kama zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule walikotoka. Alimweleza habari za mama yake anayeuza chapati machimboni, na za baba yake ambaye kila mwaka husema mwaka huu ndio wenyewe. Karasha alisikiliza. Ukiniuliza mimi, wapo binadamu wasioweza kusikiliza hivyo.

Siku moja Mzee Mayala, mwenye shamba la pamba linalopakana na shule, alitokea anapayuka. "We kijana! Mtoe huyo mbuzi wako kwenye pamba yangu!" Habari za mkutano alikuwa hazijui, aliona kijana na kamba, akajua mbuzi hayuko mbali. Nasibu aliomba radhi karibu alie kwa furaha. Kugombezwa kumbe nako ni kuongeleshwa.

Hatimaye Ndaki alimpapasa mbuzi mgongoni, akatangaza kwamba sasa amenona, ng'hana, kweli kabisa. Mbuke akapanga karamu Jumamosi. Mama Klara akaazima sufuria kubwa kabisa, akabandika maji matupu jikoni bila kuuliza. Sahani zikapangwa kwenye nyasi. Hata Madam Serafina alikaa na sahani yake mapajani, maana alikuwa amekata tamaa na aina yoyote nyingine ya ufumbuzi. Kudra, mwanafunzi mwenzao Mwislamu, akaitwa achinje, kama desturi, ili wote wale, Mwislamu na Mkristo. Akaja na rula ya darasani, akaonyesha upande wa kibla. Vijana wanne wakakamata miguu.

"Mbuzi akishaliwa," Mbuke akawaambia wanakijiji, "mtu fulani atakuwa amerudi."

Nasibu alikuwa ameshika kamba. Alichobakiza ni kunyamaza tu. Amri moja ya Mwenyekiti, rula ipite hewani, Ndaki amgeukie, maisha yaendelee. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Lakini Kudra alipoinua kichwa cha mbuzi, Nasibu aliyaona macho ya Karasha, na yalikuwa yanamtazama yeye. Katika siku zote zile hakuna macho mengine yaliyomtazama.

"Hapana," akasema. Machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima. "Siwezi. Nitengeni tu."

Akaiachia kamba. "Kimbia, Karasha!"

Kisha Kudra, aliyekuwa karibu, akaanguka chali kama aliyepigwa kikumbo.

"Mbuzi katoroka!"

Watoto wa wafugaji hawakai kujadili mbuzi anayekimbia. Sahani ziliruka. Kijiji kizima kikatimka kuelekea pamba ya Mzee Mayala, Mama Klara na mwiko wake, Madam Serafina na viatu mkononi.

"Nasibu, mzuie huko!" Luka alipiga kelele.

"Kulia, Nasibu! Kulia kwako!" Huyo alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, sketi kaikunja magotini.

"Nasibu! Nasibu!"

Jina lake lilitoka kila upande. Alisimama ukingoni mwa shamba, anahema, hajui alie au acheke. Wakamzunguka, jasho linawatiririka, na Ndaki akamshika bega.

"Nasibu, wewe ndiye unayemjua. Kaelekea wapi?"

Alimwona vizuri kabisa. Karasha alikuwa ameshavuka pamba, yuko kwenye njia ya Geita, anatembea zake bila haraka. Nasibu akanyoosha kidole upande mwingine, wa mnadani.

"Kule!"

"Twende," Ndaki akasema, akamvuta mkono. Wakakimbia wote, na Nasibu akawa mbele yao, akikimbia kuliko yeyote kumtafuta mbuzi mahali alipojua hayupo.