Mbili kati ya Kumi

Neno masaji mjini hapa lina majirani wabaya. Ukilitaja pale Mwenge watu wanakuangalia viatu, kisha uso, kisha wanacheka. Kwa hiyo hospitali yetu ya Mikocheni ilipotangaza kwamba wauguzi wa wodi ya wanawake watafanyiwa masaji kila Alhamisi, kupunguza maumivu ya mgongo na msongo wa mawazo, mume wangu Projestus aliacha kula kwanza. "Nani anayewafanyia hiyo masaji?" Nikamwambia ni Maliha, binti wa fiziotherapia, tena mchana kweupe, kwenye chumba cha mashuka. Akaurudia ugali wake.

Sista Adelina, mkuu wa wodi, alilimaliza neno lenyewe. "Hapa tunakandwa," alisema. "Masaji sitaki kuisikia."

Demetria akadakia, "Nikandwe? Kwani nimejifungua?"

Tulicheka mpaka wagonjwa wakacheka. Kila mtu Dar anajua anayekandwa ni mzazi, ndani ya arobaini yake, kwa maji ya moto.

Huyo Demetria ndiye ninayetaka kuwaeleza. Mhaya wa Bukoba, mrefu, mikono mipana, na kwa kumgeuza mgonjwa kitandani hana mpinzani. Wengine tukichoka tunageuza watu kama magunia ya mchele sokoni Tandale. Yeye humwambia mgonjwa kwanza anachotaka kufanya, humshika begani na nyongani, na mgonjwa anajikuta amelalia upande wa pili hajui alifikaje. Kazi hiyo ndiyo iliyomla mgongo. Mara nyingi nilimwona ameshika ukingo wa kitanda, anatafuta pumzi, nikimuuliza ananiambia, "Uzee, Filo." Uzee gani, na hata watoto wake hawajamaliza shule ya msingi?

Alichokuwa anakiogopa nakijua, maana wote tunakiogopa. Muuguzi mwenye mgongo mbovu hupelekwa mapokezi, akae nyuma ya kioo akiandikisha watu, na mimi sijaona aliyerudi wodini. Wapo waliofurahia kule, sikatai. Demetria angenyauka. Aliniambia waziwazi: "Mie nimesomea kushika watu, Filo, sikusomea kuwauliza namba za simu."

Sasa, Maliha hamgusi mtu kabla hajamuuliza: maumivu ni kiasi gani, sifuri mpaka kumi? Ni swali letu wenyewe, tunawauliza wagonjwa kutwa nzima. Lakini muuguzi akiulizwa yeye, hajipimi. Anapima wodi. Demetria alimfikiria mama wa dirishani aliyeungua kwa mafuta ya kupikia, akampa kumi yake. Akamfikiria binti aliyetoka kupasuliwa, akampa nane. Akaendelea kugawa hivyo kitanda kwa kitanda, na ilipofika zamu yake zilikuwa zimebaki mbili.

"Mbili," alisema, amekaa kiti kinyumenyume, paji la uso juu ya mto.

Maliha ana adabu, akaamini alichoambiwa. Akamchua juu juu, mabegani na mgongoni, akamwambia akanywe maji mengi. Alhamisi iliyofuata, mbili. Na iliyofuata. Mimi nilikuwa nasema sita bila aibu, natoka pale nimelainika, nimesahau hata wifi zangu. Demetria alikuwa anatoka alivyoingia. Siku moja nilimkalia kooni.

"Unamdanganya nani? Mficha uchi hazai, si ndivyo tunavyowaambiaga wagonjwa?"

"Kuna watu wanaumwa humu ndani, Filo," alinijibu, akaenda kubadilisha dripu.

Kitanda cha karibu na mlango alilala Bi Fatmabai, mama mtu mzima wa Kihindi aliyezaliwa na kuzeekea hapahapa Dar. Kiharusi kilikuwa kimemuua upande wa kushoto. Mwili wake mzito, ulimi wake mwepesi. Kila muuguzi alikuwa na lake la kusemwa: mimi kucha zangu, mwingine harufu ya mafuta ya nywele. Demetria akimshika, bibi alikuwa ananyamaza.

Asubuhi moja tulikuwa wachache. Mimi nilikuwa nafunga kidonda upande wa pili, na Demetria akaamua kumketisha Bi Fatmabai peke yake, kazi ya watu wawili. Nikasikia "aa" ndogo. Nilipogeuka nilimkuta ameinama, mikono iko kwapani mwa bibi, hawezi kumwinua wala kumshusha. Mgongo umekataa. Makalio ya bibi yalikuwa ukingoni mwa kitanda, na miguu inaning'inia. Nilikimbia, nikamkumbatia bibi kwa nyuma, tukamrudisha polepole. Hakuumia popote. Demetria alibaki vilevile ameinama, jasho linamdondoka shukani.

Nilingojea kelele. Bi Fatmabai akamtazama kwanza, kisha akamuuliza kwa sauti ileile tunayomuulizia yeye kila asubuhi.

"Mwanangu, maumivu kiasi gani? Sifuri mpaka kumi."

"Mbili, Bibi."

"Wacha bwana. Mikono yako inatetemeka mgongoni kwangu wiki nzima, mimi nanyamaza nisikuaibishe. Usitazame mimi. Usitazame yule. Sema yako."

"Tisa," Demetria akasema, na akaanza kulia. Nililia na mimi, kwa nini nisilie?

Bibi akatuambia yeye hajaona kitu. Tuliojua tulikuwa watatu tu, na jambo lingeweza kuishia pale pale. Ningekuwa mimi lingeishia. Demetria alijifuta uso kwa mkono, akajishika kiuno, akaenda mguu mmoja ukiburuta mpaka mezani kwa Sista Adelina, nami nyuma yake. Akasema yote: kwamba nusura amwangushe mgonjwa, kwamba mguu wa kulia unakufa ganzi, kwamba kila Alhamisi anamwambia Maliha uongo.

Sista Adelina alivua miwani. Mama yule ni mkali, hata madaktari wanapunguza sauti wakimwona.

"Unajua lazima nikutoe wodini."

"Najua, Sista."

"Utakaa mapokezi mpaka upone. Na atakayesema umepona ni Maliha. Wewe hesabu imekushinda."

"Wanaokwenda kule hawarudi, Sista."

"Hawarudi kwa sababu wanakuja kuniambia wakiwa wameshakwisha. Wewe umewahi, kidogo." Akachezea miwani. "Utanichukia?"

"Ndiyo, Sista."

"Nichukie tu. Ila unichukie ukiwa umesimama wima."

Haikuwa Alhamisi, lakini Maliha aliitwa. Aliposikia tisa na habari ya ganzi, uso ulimbadilika. Hakuthubutu kumkandamiza. Alimpima mguu, akasema lazima amwone daktari wa mifupa siku hiyohiyo, kisha akamlaza ubavu juu ya mashuka yaliyokunjwa, mto katikati ya magoti. Akapasha viganja kwa kuvisugua, akaanza mabegani, polepole, mbali na pale panapouma.

Demetria hakukubali kirahisi. "Filo, dripu ya dirishani inakaribia kwisha. Filo, yule wa jana hajapewa dawa yake."

"Dada," Maliha akamwambia, "nyamaza."

Akanyamaza. Baada ya muda nilisikia pumzi yake imekuwa nzito, nikainama kumtazama. Alikuwa amelala usingizi wa mtoto, mdomo wazi. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuwahi kuuona uso wake bila ile mikunjo ya kwenye paji.

Nilitoka kwa kunyata. Mlangoni nilimkuta Sista Adelina amesimama, mikono amekunja kifuani, na Daktari Hyder yuko mbele yake na mafaili, ana haraka, anamtaka Demetria kwenye raundi.

"Yuko na mgonjwa," Sista Adelina alimwambia. "Hawezi kumwacha sasa hivi."