Mahudhurio

Truphosa alimwaga maji mara ya tatu, na sakafu ya soko la Marikiti ikabaki nyekundu pale penye ufa. Magunia yake mawili ya vitunguu yalikuwa yamelowa chini. Akayasogeza kando kwa mguu. Kazungu, hamali aliyembebea mizigo miaka sita, alikuwa ameshaondolewa, amelazwa nyuma ya gari la polisi. Askari alimwambia atoe mkokoteni njiani. Kazungu akaomba angojwe ashushe gunia moja lililobaki. Risasi ilikuwa moja.

Kufikia adhuhuri mahamali thelathini hivi walikuwa barabarani, mawe mikononi. Mbele alikuwa Charo, aliyekaa chumba kimoja na marehemu katika mtaa wa Tudor. Walikuwa wanakwenda kituo cha polisi.

Truphosa alijifuta mikono kwa kanga, akatoka, akaketi katikati ya barabara mbele yao. Alizaliwa Kaimosi, katika Kanisa la Marafiki. Tangu utotoni alifundishwa kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, hata mwenye bunduki, na kwamba Rafiki hashiki silaha. Aliyaamini hayo kama alivyoamini kwamba maji hulowesha.

"Mama, toka njiani," Charo alisema. "Hatutaki kukukanyaga."

"Mkifika pale watawaua, kisha waandike mlikuwa majambazi. Ketini."

"Na Kazungu?"

"Tutadai haki yake kwa mdomo. Chifu ananijua. Nitakwenda mimi mwenyewe."

Magari yalipiga honi, yakageuka. Ilipita karibu saa nzima kabla Charo hajaachilia mawe yake na kuketi. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wengine wakilia kwa ghadhabu.

Chifu Mung'aro aliitisha baraza siku ya Alhamisi. Palikuwa na soda, viti vya plastiki, na afisa wa polisi ambaye hakutaja jina lake. Chifu alizungusha karatasi.

"Kila kijana aandike jina, kitambulisho, simu, na nyumba anayokaa," alisema. "Malalamiko yasiyo na wenyewe hayafiki popote."

Charo alimtazama Truphosa. Truphosa akaitikia kwa kichwa. Wasiojua kuandika aliwaandikia yeye, pole pole, akiwauliza mara mbili namba za milango ili asikosee. Afisa alisema mambo yatachunguzwa. Kisha Chifu alimshika Truphosa mkono, wakapigwa picha.

Jumatatu asubuhi polisi waligonga milango kumi na saba huko Tudor. Hawakukosea hata mmoja. Shtaka lilikuwa kupanga kuvuruga amani.

Truphosa alimkuta Chifu ofisini akimenya chungwa.

"Karatasi ile ilikuwa ya malalamiko," alimwambia.

"Ilikuwa ya mahudhurio, mama. Na walihudhuria." Chifu aliweka maganda juu ya gazeti. "Wewe umeokoa mji huu. Bila wewe tungezika wangapi? Mwezi ujao kuna semina ya amani. Nimeshapeleka jina lako."

"Na aliyempiga Kazungu?"

"Amehamishwa. Karibu chungwa."

Truphosa alingoja hasira imjie. Haikuja. Aliangalia mikono ya Chifu, maji ya chungwa yakishuka hadi kwenye saa yake, akajaribu kuiona ile nuru. Hiyo nayo haikumjia. Akaaga kwa adabu, akatoka.

Nje ya kituo walikozuiliwa vijana, wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wamepakata vyombo vya chakula. Askari wa mlangoni alikuwa amekataa kuvipokea. Mbodze, mamake Charo, alikuwa ametoka Mariakani tangu alfajiri, na vumbi la njia lilikuwa bado miguuni mwake.

"Hamjambo, mama zangu," Truphosa aliwaamkua.

"Hatujambo," waliitikia, wachache.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwinulia mkono. Walisogea wakampa nafasi, akaketi, mgongo wake ukagusa ukuta wenye ubaridi. Mbodze akainuka. Alichukua chombo chake, akavuka, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara, kwenye jua. Akamfuata mwingine. Kisha mwingine, na mwingine, hadi wa mwisho, mjamzito, aliyeinuka kwa kushikilia ukuta.

Jua liliwapiga utosini. Kivuli chote wakamwachia yeye.